Kihenge Kidogo Ndani ya Simu

Somo letu la leo halikutoka kitabuni. Limetoka hapa hapa Makere, katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Lilianza na maneno machache yaliyotokea kwenye kioo cha simu: nafasi imejaa.

Maneno hayo wengi wetu tumeyaona. Tunayapuuza, tunafuta picha mbili tatu, tunaendelea na shughuli. Sisi tuliyapuuza, na yakatugharimu. Kwa hiyo tumeona tuyaandike, ili wenzetu wa Kasulu na Kibondo wasijikwae pale tulipojikwaa sisi.

YALIYOTUPATA

Kikundi chetu kina wanachama 30. Kila wiki tunakutana, kila mtu anatoa alichonacho, Katibu anaandika kwenye daftari. Tulikubaliana kwamba baada ya kila kikao Katibu apige picha kurasa za siku hiyo kwa simu yake. Tulisema, daftari likipotea picha zipo. Wazo lilikuwa zuri.

Wiki ya 14 ikafika. Katibu akataka kupiga picha, simu ikakataa. Siku ya gulio akaipeleka kwa fundi. Fundi akaitazama, akasema, "Kaka, hii imejaa mpaka shingoni. Dawa yake ni kuiflashi, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kuna vitu vya maana humu?" Katibu akajibu, "Vyote viko kwenye memori." Akachomoa memori kadi, akaitia mfukoni, fundi akafanya kazi yake.

Jioni Katibu akairudisha memori kadi ndani ya simu. Ilikuwa na nyimbo tu. Picha za daftari hazikuwemo. Wiki zote hizo simu ilikuwa inaziweka ndani ya tumbo lake yenyewe, siyo kwenye memori. Fundi hana kosa, maana aliuliza. Katibu naye hakudanganya, alijibu alichoamini.

Hata hapo hatukushtuka sana, maana daftari lilikuwepo. Wiki mbili baadaye upepo wa mvua za Machi ukaezua bati la nyumba lilimokuwa limehifadhiwa. Asubuhi daftari lilikuwa uji. Wino umetiririka, kurasa zimegandana.

Tukakaa vikao vitatu kukumbushana nani alitoa kiasi gani. Wengine walikuwa wamejiandikia nyumbani. Mama mmoja mjane, muuza unga wa muhogo, hakuwa amejiandikia. Yeye alisema ametoa shilingi 5,000 kila wiki kwa wiki 14, yaani shilingi 70,000. Wengine wakasema kuna wiki nne aliuguza mtoto na hakuja, kwa hiyo ni 50,000. Hapakuwa na karatasi ya kuamua.

Viongozi tukachanga ile 20,000 iliyokuwa na ubishi, tukampa. Mama akaipokea, lakini akasema neno ambalo hatujalisahau: "Wanangu, mimi sikuja hapa kupewa. Nilitaka kuonyeshwa."

Basi tukaanza kuuliza. Simu inajaaje? Kwa nini iliandikwa 8 kwenye boksi na bado haitoshi? Mafundi wanaozitengeneza wao hufanyaje? Haya ndiyo tuliyojifunza.

KOMPYUTA ZILIZOJIFICHA

Tukisikia kompyuta tunafikiri ile ya ofisini yenye kioo na vitufe vingi. Lakini kompyuta nyingi zimejificha ndani ya vitu vingine. Mita ya LUKU inayopokea tarakimu 20 za umeme ni kompyuta ndogo. King'amuzi cha televisheni ni kompyuta. Ruta, yaani kile kiboksi chenye antena kinachogawa intaneti ofisini au shuleni, nacho ni kompyuta. Simu ya mkononi, hata kitochi, ni kompyuta.

Kila kompyuta inahitaji mfumo endeshi. Huo ni mkusanyiko wa maagizo unaoiambia mashine ifanye nini kuanzia inapowashwa. Mfumo huo lazima ukae mahali ambapo hautafutika umeme ukikatika. Mahali hapo ni kipande kidogo cha kumbukumbu kiitwacho flashi. Aliyeibuni ni Mjapani, Fujio Masuoka, wa kampuni ya Toshiba, naye aliitangaza kazi yake mwaka 1984. Jina lilitokana na mwanga wa flashi ya kamera, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo hufutwa kwa mkupuo mmoja. Hilo la kufuta kwa mkupuo tulikumbuke, tutalirudia.

Wengi huchanganya flashi na ramu. Tutumie mfano wa nyumbani. Ramu ni meza ya jikoni: vitu huwekwa pale wakati wa kupika, na kazi ikiisha meza husafishwa. Flashi ni kihenge: kilichomo hubaki hata kama mpishi amelala. Simu iliyojaa ramu huwa nzito. Simu iliyojaa flashi hukataa kupokea kitu kipya. Leo tunazungumzia kihenge.

Kwa nini kihenge kifanywe kidogo? Ni hesabu ya biashara. Mwenye kiwanda akitengeneza simu milioni moja, akipunguza hata senti chache katika kila moja, anabakiza fedha nyingi. Kwa hiyo simu ya bei ndogo hupewa kihenge kidogo, halafu sisi wanunuzi ndio tunaobaki kubanana.

TUHESABU PAMOJA

Shehena ya kihenge hiki hupimwa kwa baiti. Herufi moja tunayoiandika kwa Kiswahili huchukua baiti moja. Nafasi iliyo kati ya maneno nayo ni baiti moja. Neno "Makere" lina herufi sita, basi ni baiti sita.

Baiti elfu moja ni kilobaiti moja. Baiti milioni moja ni megabaiti moja. Baiti bilioni moja ni gigabaiti moja.

Ukurasa uliojaa maandishi una herufi kama 3,000. Huo ni kilobaiti 3. Picha moja ya simu ya kawaida yaweza kuwa megabaiti 3, yaani baiti 3,000,000. Gawanya 3,000,000 kwa 3,000. Jibu ni 1,000. Kwa hiyo picha moja inachukua nafasi ya kurasa 1,000 za maandishi. Dakika moja ya video safi yaweza kupita megabaiti 100, na hiyo ni zaidi ya picha 30.

Sasa tuiangalie simu ya Katibu. Bahati nzuri, kabla ya kwenda kwa fundi alikuwa ameandika kwenye kikaratasi hesabu aliyoiona katika mipangilio ya simu. Boksi lilisema gigabaiti 8. Mfumo endeshi, pamoja na programu zilizokuja nao kutoka kiwandani, ulikuwa umechukua gigabaiti 4 na nusu. Zilizobaki, kama 3 na nusu, ziligawanyika hivi:

Programu za kuongeza na masasisho: gigabaiti 1.6.
Video na picha kutoka makundi ya WhatsApp: gigabaiti 1.5.
Picha za familia: gigabaiti 0.2.
Picha za daftari la kikundi: gigabaiti 0.17.

Hiyo ya mwisho tuihakiki wenyewe. Wiki 14, kila wiki kurasa 4, kila picha megabaiti 3. Yaani 14 mara 4 mara 3, jibu ni megabaiti 168. Ndiyo ile 0.17.

Umeona, ndugu msomaji? Kilichojaza kihenge hakikuwa kazi yetu. Ni vichekesho, salamu za asubuhi zenye maua, na video za watu tusiowajua. Kazi yetu ilikuwa debe moja kwenye kona. Lakini kihenge kilipomwagwa, kilimwagwa chote.

UBAO USIOFUTIKA HERUFI MOJA

Tulisema flashi hufutwa kwa mkupuo. Tuufikirie ubao wa darasa la kisomo wenye sheria ya ajabu: unaweza kuandika neno popote penye nafasi tupu, lakini huruhusiwi kufuta neno moja. Ukitaka kufuta, lazima uoshe ubao mzima.

Je, mwalimu atafanyaje akitaka kusahihisha neno moja? Atachukua ubao mwingine mtupu, atanakili maneno yote mazuri, ataandika lile lililosahihishwa, kisha ataosha ubao wa kwanza. Ndivyo flashi inavyofanya kazi. Ndani yake mna mbao nyingi ndogo, na kuna mtunza ghala asiyeonekana ambaye kazi yake ni kunakili na kuosha.

Hapo tunapata mafunzo mawili.

La kwanza: mwalimu anahitaji ubao mtupu wa kunakilia. Mbao zote zikijaa, kazi inasimama. Ndiyo maana simu iliyojaa kabisa huwa pia nzito kama punda aliyechoka. Tusingoje ijae. Tuache kama sehemu moja kati ya kumi ikiwa tupu siku zote.

La pili: ubao unaooshwa mara nyingi huchakaa. Flashi za bei nafuu huvumilia kuoshwa mara elfu moja hadi elfu chache, kisha ubao huo haushiki tena maandishi. Mtunza ghala hujitahidi kuzungusha kazi ili mbao zote zichakae sawasawa. Hata hivyo, memori kadi inayoandikwa na kufutwa kutwa kucha itakufa mapema kuliko ile inayotunza tu. Na mara nyingi haiagi.

UJANJA WA MAFUNDI

Shida ya kihenge kidogo haikuanza Makere. Mafundi wakubwa wa dunia wamepambana nayo miaka mingi, hasa katika vile viboksi vya ruta. Tuone wanavyofanya, maana ujanja wao tunaweza kuutumia.

Ujanja wa kwanza ni kukausha. Sote tunawajua dagaa wa Kigoma. Wakiwa wabichi wanajaza ndoo. Wakikaushwa juani wanaingia kwenye mfuko, na ukiwatia maji sufuriani wanavimba tena. Mafundi huukausha mfumo endeshi kwa hesabu maalumu: maneno yanayojirudia huandikwa mara moja tu, na mahali pengine huwekwa alama fupi. Mashine inapohitaji kipande, inakitia maji kwanza. Kwa njia hii mfumo mzima wa ruta unaweza kukaa ndani ya megabaiti 4. Hiyo ni karibu sawa na picha moja tu ya simu!

Lakini tahadhari: picha na video za simu zimekwisha kukaushwa tayari. Dagaa aliyekwisha kukauka haukaushwi mara ya pili. Kwa hiyo mtu akikuambia ana programu ya kukamua picha bila kuziharibu hata kidogo, mwulize vizuri.

Ujanja wa pili ni kitabu na karatasi. Mfumo uliotoka kiwandani hufanywa kama kitabu kilichopigwa chapa: unasomwa, hauandikwi. Mabadiliko yote huandikwa kwenye karatasi inayobandikwa juu ya ukurasa. Msomaji akifika pale husoma karatasi kwanza. Ukitaka kurudi kwenye hali ya kiwandani, unabandua karatasi zote. Hivyo ndivyo fundi wa gulioni alivyofanya, na picha zetu zilikuwa kwenye hizo karatasi.

Ujanja huu unaeleza jambo linalowashangaza wengi. Ukiisasisha programu iliyokuja na simu, ile ya zamani haiondoki. Inabaki kitabuni, na mpya inaandikwa kwenye karatasi. Sasa unazo mbili. Na ukijaribu kuiondoa ile ya kiwandani, nafasi yake haiongezeki, maana huwezi kuchana ukurasa wa kitabu. Unaandika tu "ruka hapa". Unachoweza kurudisha ni nafasi ya karatasi, yaani yale masasisho.

Ujanja wa tatu ni kupunguza mizigo. Mwaka 2005 kampuni ya Linksys ilitoa aina mpya ya ruta yake iliyokuwa ikipendwa sana, WRT54G. Kihenge kilikuwa kimepunguzwa kutoka megabaiti 4 hadi 2, na mfumo wa Linux haukutumika tena ndani yake. Watu wa kujitolea hawakukata tamaa. Walitoa kila kisichohitajika, wakatengeneza mfumo mdogo kabisa ulioingia katika megabaiti hizo 2. Kampuni nayo ikaendelea kuuza aina nyingine, WRT54GL, yenye Linux na megabaiti 4.

Lakini kupunguza kuna mwisho wake. OpenWrt ni mradi wa watu wanaotengeneza mfumo wa bure wa ruta tangu mwaka 2004. Toleo lao la 21.02, lililotoka mwaka 2021, lilitaka kihenge kisichopungua megabaiti 8. Ruta za megabaiti 4 zikaachwa nyuma. Siyo kwamba ziliharibika. Ni mfumo uliokua, na kihenge hakikui.

Hata simu zimepitia njia hiyo hiyo. Desemba 2017 kampuni ya Google ilitoa Android nyepesi iitwayo Go, kwa ajili ya simu ndogo. Lakini ilipofika Android 13, mwaka 2022, hata hiyo nyepesi ilitaka kihenge cha gigabaiti 16 na ramu ya gigabaiti 2. Kwa hiyo mtu anayenunua simu leo aulize mambo mawili kabla ya kutoa hela: kihenge ni gigabaiti ngapi, na baada ya mfumo zinabaki ngapi? Namba ya pili ndiyo yako. Ya kwanza ni ya boksi.

GHALA LA NJE

Ujanja wa nne ni kujenga ghala la nje. Ruta yenye tundu la USB huchomekewa flashi ya nje, na zile karatasi za marekebisho zikaandikwa huko. Kihenge cha ndani kinabaki na kitabu peke yake.

Kwa simu, ghala la nje ni memori kadi. Inaweza kutumika kwa namna mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Namna ya kwanza ni kama mfuko. Unaweka picha, nyimbo, maandishi. Ukiichomoa na kuitia kwenye simu nyingine, vitu vinasomeka.

Namna ya pili ilikuja na Android 6 mwaka 2015. Simu huiunganisha kadi na kihenge chake, kama vile umebomoa ukuta kati ya vyumba viwili. Hata programu zinaweza kukaa huko. Lakini simu inaifunga kadi kwa ufunguo wake yenyewe. Ukiichomoa, simu nyingine haitaisoma. Simu ile ikifa, au ikirudishwa kiwandani, ufunguo umepotea na vitu vimepotea. Tena siyo simu zote zinazoikubali namna hii. Kwa kumbukumbu za kikundi, sisi tunashauri namna ya kwanza tu.

Na tujihadhari na memori za bandia. Kadi imeandikwa 64, kumbe ndani ni 8. Imefundishwa kudanganya: inaiambia simu "mimi ni 64", inapokea kila kitu, lakini ikipita 8 vitu vinaharibika au vinaandikwa juu ya vya zamani. Kipimo chake ni hiki. Ijaze kwa video zisizo na thamani, halafu fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Zikigoma, irudishe dukani siku hiyo hiyo. Afadhali kadi ndogo ya kweli kuliko kubwa ya uongo.

Ghala dogo likipangwa vizuri linafanya mengi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoani Tanga, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi katika mashindano ya XPRIZE. Walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mashindano hayo yalitaka programu zifanye kazi bila intaneti. Kwa hiyo masomo yote, sauti na michoro vilikaa ndani ya kishikwambi chenyewe, na chaji ilitoka kwenye sola. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa mwaka 2019. Waliotengeneza masomo hayo walijua kwamba mtoto hana pa kwenda kuchota kingine. Walichagua cha kuweka.

Nasi tuchague.

MAMBO YA KUFANYA

Tukirudi kwenye simu zetu, fuata hatua hizi kwa utaratibu. Usiruke ya kwanza.

1. Kwanza okoa, ndipo ufute. Nakili vitu vya maana mahali pawili: kwenye memori kadi na kwenye simu ya mtu mwingine. Kisha chomoa kadi, itie kwenye simu nyingine, uone kwa macho yako kwamba vimo. Usiseme "viko kwenye memori" kama hujaviona.

2. Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya hifadhi. Andika kwenye karatasi kila kundi limechukua kiasi gani. Usifute kwa kubahatisha.

3. Katika mipangilio ya WhatsApp, zima upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe. Utapakua unachotaka tu, na bando nalo litapona. Kumbuka pia kwamba video unayomtumia mwenzako yaweza kubaki na nakala ndani ya simu yako.

4. Ukifungua habari za programu utaona maneno mawili yanayofanana. "Futa akiba" huondoa pumba tu: vitu ambavyo programu inaweza kuvitafuta tena. "Futa data" humwaga kihenge cha programu hiyo chote. Gusa la kwanza. La pili usiliguse mpaka uwe na uhakika.

5. Programu iliyokuja na simu nawe huitumii, ondoa masasisho yake, kisha izime. Utakuwa umebandua karatasi.

6. Simu nyingi huweka picha zilizofutwa kwenye kapu la taka kwa siku 30 au zaidi. Ukifuta na nafasi isiongezeke, angalia kapu.

7. Iambie kamera iweke picha kwenye memori kadi, kama simu inaruhusu. Halafu punguza ukubwa wa picha. Ukurasa wa daftari unasomeka vizuri hata kwa picha ndogo. Piga moja, ikuze, uone kama tarakimu zinasomeka.

8. Kurudisha simu kiwandani iwe dawa ya mwisho. Na kabla ya kuinywa, rudi hatua ya kwanza.

HERUFI NI NAFUU

Tumebakiza jambo moja, na ndilo lililotufurahisha zaidi.

Baada ya yote yale, mzee mmoja wa kikundi, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la kisomo, aliuliza hivi: "Kwa nini tunapiga picha maandishi? Si tuyaandike tu?"

Tukapiga hesabu. Mstari mmoja wenye tarehe, jina na kiasi una herufi kama 40. Wanachama 30, wiki 52. Zidisha: 30 mara 52 mara 40, ni baiti 62,400. Huo ndio mwaka mzima wa kikundi. Picha moja ni baiti 3,000,000. Gawanya 3,000,000 kwa 62,400. Jibu ni 48, na kidogo juu yake.

Miaka 48 ya hesabu za kikundi inaingia katika nafasi ya picha moja!

Tulikaa kimya kidogo. Tulikuwa tunalalamika kwamba kihenge ni kidogo, kumbe tulikuwa tunatia mahindi pamoja na mabua yake. Kujua kuandika ndiko kulikokuwa kunatuokolea nafasi, na tulikuwa tumekuacha.

Siku hizi tunafanya hivi. Daftari lipo, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku. Baada ya kikao Katibu huandika hesabu ya wiki kama ujumbe wa kawaida wa maandishi, na huutuma kwa Mwenyekiti na Mweka Hazina. Hata kitochi kinaupokea. Picha tunapiga bado, ndogo, kwenye memori. Na kila mwanachama ana kijitabu chake, anaandikiwa mbele ya macho yake. Asiyeona vizuri anasomewa kwa sauti.

Wiki ya kwanza ya utaratibu huu, yule mama aliitwa jina lake. Akafungua kijitabu, akaweka kidole juu ya tarakimu, akasoma taratibu mwenyewe: elfu tano. Akakifunga, akakitia kwenye kanga, akarudi kukaa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya ramu na flashi? Toa mfano wa nyumbani kwako.

2. Simu ina gigabaiti 16. Mfumo umechukua gigabaiti 7. Je, ni picha ngapi za megabaiti 3 zinaweza kuingia katika nafasi iliyobaki, ukiacha moja ya kumi ya nafasi hiyo ikiwa tupu?

3. Kwa nini kuondoa programu ya kiwandani hakuongezi nafasi, lakini kuondoa masasisho yake kunaongeza?

4. Kumbukumbu za kikundi chenu ziko mahali pangapi? Simu moja ikifa leo, mtamwonyesha nini mwanachama atakayeuliza?

Jibu la swali la pili: gigabaiti 16 toa 7 ni 9. Moja ya kumi ya 9 ni 0.9, inabaki 8.1, yaani megabaiti 8,100. Gawanya kwa 3, ni picha 2,700. Swali la nne jibu lake mnalo ninyi wenyewe. Litafuteni kabla mvua hazijaanza.